Flekainidi na mioyo isiyo yake

Namba mbili zimeitia doa flekainidi, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, kwa zaidi ya miaka 30: 63 na 26. Zinatoka kwenye utafiti wa CAST, ambao ripoti yake kamili ilitoka mwaka 1991. Watu 1,498 walionusurika shambulio la moyo, ambao vyumba vya chini vya moyo wao vilikuwa vikitoa mapigo ya ziada, waligawanywa kwa bahati nasibu. Watu 755 walipewa flekainidi au ndugu yake enkainidi, na 743 wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wastani wa miezi 10, upande wa dawa walikuwa wamekufa 63. Upande wa vidonge vitupu, 26.

Kinachouma zaidi ni jinsi watu hao walivyochaguliwa. Kabla ya kugawanywa, kila mmoja alijaribiwa dawa kwanza, na walioingia ni wale ambao dawa ilikuwa imefanikiwa kuyanyamazisha mapigo yao ya ziada. Kwa kipimo cha ECG, kinachochora umeme wa moyo, walikuwa wamepata nafuu. Kilichohofiwa kilitoweka kwenye karatasi, kisha mtu mmoja kati ya 12 akafa, huku kwa wenzao wasiopewa dawa akifa mmoja kati ya 29 hivi. Mtu akizitazama namba hizi bila kujua ni mioyo ya namna gani iliyopimwa, hawezi kulaumiwa akiamua kwamba dawa hii ni sumu.

Lakini mioyo hiyo ilikuwa na makovu. Flekainidi huziba njia ambazo sodiamu hupitia kuingia kwenye seli za moyo, na hivyo hupunguza mwendo wa umeme. Moyo usio na kovu huuvumilia upungufu huo, kwa kuwa wimbi la umeme hupita polepole kidogo lakini kwa mpangilio, likaisha. Penye kovu mambo hubadilika. Wimbi lililopunguzwa mwendo hulizunguka kovu, na linaporudi lilikoanzia hukuta misuli imekwishapumzika, tayari kuwashwa tena. Hapo huanza mzunguko usiokoma, na mtu anaweza kuanguka ghafla. Misuli ikipungukiwa damu tena, jambo la kawaida kwa aliyewahi kupata shambulio, hatari huzidi. Vifo vya ziada vya CAST vilitokana na dawa, hilo halina ubishi, lakini ni dawa iliyowekwa ndani ya moyo usiofaa kuipokea.

Sasa mfikirie mgonjwa mwingine kabisa. Amekaa ukingoni mwa kitanda usiku wa manane, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akihesabu mapigo yasiyohesabika. Ana fibrilesheni ya atria ya kuja na kuondoka: vyumba vya juu vya moyo wake hutetema badala ya kudunda, kwa saa kadhaa, halafu hutulia. Picha za moyo ni safi, misuli ina nguvu, hana kovu. Huyu ndiye flekainidi inayemfaa. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 165 wa aina hii, ambao baada ya kujaribiwa kwanza hospitalini waliruhusiwa kumeza dozi moja ya flekainidi au propafenoni, dawa ya jamii hiyohiyo, nyumbani pindi moyo unapoanza kutetema. Matukio 569 yalitibiwa hivyo, na 534 yakatulia, kwa wastani wa chini ya saa mbili. Safari za kukimbilia chumba cha dharura zikapungua sana.

Hata hivyo, kivuli cha CAST humwangukia hata huyu. Mara nyingi hupewa amiodaroni, dawa nyingine ya mapigo ya moyo, kwa sababu inaonekana salama zaidi, na hapo ndipo ninapotofautiana waziwazi na wanaojiita waangalifu. Kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za madini joto, wakati mtu mzima anahitaji miligramu 0.15 tu kwa siku. Sehemu ndogo tu ya madini hayo huachiliwa mwilini, lakini hiyo pekee ni makumi ya mara ya mahitaji, na tezi ya thairoidi hulipa gharama. Mapafu na ini navyo viko hatarini. Mgonjwa akitumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake huwa nyepesi kupita kiasi dozi isipopunguzwa. Akiacha dawa leo, hubaki mwilini kwa wiki nyingi, hata miezi. Kwa moyo uliochoka au wenye kovu, amiodaroni ina nafasi yake na naitetea. Kumpa mwenye moyo mzima kama chaguo la kwanza kwa sababu ya woga tu ni kumhamishia madhara ya polepole yasiyoonekana haraka.

Upande wa tahadhari una hoja nzito pia. Utafiti wa AFFIRM wa mwaka 2002, wenye wagonjwa 4,060, haukuona faida ya kuishi zaidi kwa kung'ang'ania mpangilio wa mapigo kuliko kupunguza kasi yake tu. Mwaka 2020 utafiti wa EAST-AFNET 4 ulionyesha kwamba kuwahi kurejesha mpangilio huo, ndani ya mwaka mmoja wa ugonjwa kugundulika, hupunguza vifo vya moyo, kiharusi na kulazwa vikihesabiwa pamoja, kwa hiyo mjadala huo umegeuka kiasi. Hoja inayonikosesha usingizi ni nyingine: moyo haugandi mahali pamoja. Aliyeandikiwa flekainidi akiwa mzima anaweza kupata shambulio miaka minane baadaye, na dawa ikaendelea kutolewa mwezi hadi mwezi bila mtu kuuliza. Tena flekainidi inaweza kuugeuza mtetemo wa juu kuwa mdundo wa mpangilio lakini wa kasi, na kila pigo likashuka vyumba vya chini. Ndiyo maana huandamana na bitabloka au dawa nyingine ya kupunguza kasi.

Usalama wake, basi, uko kwenye vipimo vidogo. Kwenye karatasi ya ECG ya kawaida, kijisanduku kimoja ni milisekunde 40. Upana wa QRS, yaani alama ya umeme unapopita vyumba vya chini, ukiwa milisekunde 90 ni vijisanduku viwili na robo. Kanuni inayotumika ni kwamba ukipanuka zaidi ya asilimia 25 baada ya kuanza dawa, ipunguzwe au isimamishwe. Asilimia 25 hapo ni kama milisekunde 22, zaidi kidogo ya nusu ya kijisanduku. Jicho halioni tofauti hiyo bila kuweka karatasi ya leo kando ya ile iliyopigwa kabla ya dawa. Na kwa kuwa flekainidi huziba njia za sodiamu zaidi moyo unapokwenda mbio, kipimo cha mgonjwa aliyelala kimya kinaweza kuonyesha amani isiyokuwepo. Wengine humpandisha kwenye mashine ya mazoezi kabla ya kuridhika, na nadhani wako sahihi.

Kwa mfamasia anayemtolea mgonjwa flekainidi kwa mara nyingine, maswali ni matatu, nayo huchukua dakika moja: tangu mara ya mwisho, umepata maumivu ya kifua, umezimia, au umeambiwa moyo wako umedhoofika? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, vidonge hivyo visitoke dirishani kabla daktari hajapigiwa simu.