Kupima barabara ya Kampala–Entebbe: takwimu za kibandani, za simu, au zote?

Tangu Januari 2022, gari dogo hulipa shilingi 5,000 za Uganda kupita barabara ya mwendokasi ya Kampala–Entebbe. Anayelipa ana haki ya kuuliza anaokoa dakika ngapi. Ili kumjibu, lazima ujue magari mangapi yamepita na kila moja limetumia muda gani, na hapo ndipo mabishano ya takwimu huanzia.

Kibanda cha malipo huhesabu magari kwa aina zake, tena kwa uhakika, kwa sababu kuna fedha ndani yake. Lakini hakioni foleni iliyo kilomita tano mbele. Simu za wasafiri, kwa kutuma mahali zilipo, huonyesha kasi ya kila kipande cha barabara, ila idadi haziijui: taksi moja ya abiria 14 yaweza kuonekana kama magari kadhaa. Isitoshe, pale barabara ya zamani ya Entebbe inapokaribiana na hii mpya, simu ya mwenye bodaboda huweza kuwekwa kwenye barabara asiyoruhusiwa hata kuikanyaga, na kasi ikashuka bure kwenye takwimu.

Wanaopinga kuchanganya vyanzo wana hoja. Chanzo kimoja chenye kasoro ileile kila mwezi bado kitakuonyesha kama hali inazidi kuwa mbaya. Ukichanganya, kosa dogo hukua. Chukua kipande cha kilomita 20 kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa: ni dakika 12. Saa za vituo viwili vinavyorekodi gari likipita zikipishana kwa dakika mbili tu, gari hilohilo litasomeka 86 au 120. Na msafara mzima utaonekana umevunja sheria!

Hata hivyo, naona hoja hiyo inawashinda wanaopiga wastani wa vyanzo vyote, si wanaovigawia kazi. Idadi itoke kibandani, kasi itoke kwenye simu, kila dakika tano, kipande kwa kipande. Kamera zinazosoma namba za magari zibaki kuwa hakimu: panga muda wa safari kuanzia mfupi hadi mrefu, uchukue wa katikati, ili aliyesimama kununua maji asikuharibie hesabu. Namba zenyewe zifichwe kabla ya kuhifadhiwa. Sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi inahusika hapa.

Angalia pia wastani wenyewe. Gari moja likienda 100 na jingine 50, wengi huandika 75. Lakini kilomita moja huyachukua sekunde 36 na 72, yaani kilomita mbili kwa sekunde 108. Kasi halisi ya barabara ni karibu 67. Baada ya hapo kuzidisha ni rahisi: magari 1,200 yakichelewa dakika nne kila moja, saa 80 zimepotea.

Northern Bypass, barabara ya mchepuo ya Kampala yenye kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, haina vibanda vya malipo. Huko simu zipo tele, idadi haipo. Fedha ya kwanza iende kwenye vihesabio vya magari, si kwenye kununua takwimu zaidi za simu.