Zamu ya Wake Wenza

Nina magitaa manne na mke mmoja, na mke ndiye analalamika kuwa hapewi zamu. Magitaa zamu yao ipo kwenye kalenda ya sebuleni: la umeme Jumatatu, besi Jumatano, na kuendelea. Siyo wazimu. Hapa Dar hewa ya bahari haina huruma. Gitaa likisahaulika mfukoni mwezi mmoja, nyuzi zinaota kutu, ukipiga nyimbo mbili vidole vinakuwa kama umetoka kupakua mkaa.

Sasa, mawili ni makavu, yasiyotumia umeme, mapacha kabisa, na mifuko yao yote myeusi. Moja la kwaya. La pili nimelifunga kwa mtindo wa Wakongo: unatoa uzi wa nne, unaweka mwembamba kama ule wa kwanza, noti yake, Re, inaruka oktava nzima juu. Kwenye seben, pale muziki wa Kikongo unapochangamka, ni asali.

Jumamosi usiku nilikuwa nayafuta, umeme ukakatika. Nikayarudisha mifukoni kwa kupapasa.

"Baba watoto, si uwashe tochi?"

Nikamjibu kwamba mwanamume anawajua wake zake hata gizani.

Kanisani nilikuta kwaya imeshasimama. Mwalimu, hata salamu hakuna: "Sauti ya nne, mnaanza nyinyi. Kaka, wape Re."

Nikachomoa gitaa, nikagusa uzi wa nne huku natafuta kiti. Ting!

Wazee wa besi wakatazamana. Lakini wale ni watu wa nidhamu, miaka yote wanafundishwa kufuata gitaa. Kiongozi wao, mzee mwenye sauti ya trekta, akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikasimama, akaifuata Re huko huko ilikokwenda. Kilichotoka ni kifaranga aliyekanyagwa. Wenzake watano, utii mtupu, wakamfuata. Sauti ya kwanza wakaangalia juu, wakapima, wakanyamaza.

Kwenye benchi la mbele mtoto akauliza, "Mama, babu kabanwa na mlango?"

Baada ya ibada mzee alinisogelea akiwa na chupa ya maji, akanong'ona, maana hakuwa na namna nyingine: "Mwanangu, ile Re uliitoa wapi?"

Mwalimu naye alinishika nusu saa nzima, kwa hiyo mke wangu alitangulia nyumbani. Nilipofika, kalenda ilikuwa imepigwa kalamu nyekundu, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila siku neno moja: MIMI. Jumapili kaniachia magitaa, tugawane wenyewe.