Mzee wa Ploti Aliyeniharibia Mwisho

Ukitafuta mdhamini wa sinema ya wanawake wawili wanaopendana hapa Nairobi, utazeeka kwenye benchi la mapokezi. Kwa hivyo bajeti yangu ilikuwa akiba, kamera ya kuazima na bedsita ya rafiki yangu mtaani Roysambu. Waigizaji niliwapa nauli na chapo madondo.

Kilichoninyima usingizi ni mwisho wa hadithi. Filamu ya Rafiki, nayo ya wasichana wawili wanaopendana, ilipopigwa marufuku Aprili 2018, mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba bodi ya filamu haikuupenda mwisho wake kwa kuwa una matumaini. Mahakama ikairuhusu siku 7 mwezi Septemba, watu wakajaza ukumbi, kisha kufuli likarudi. Nikajiambia, wangu utakuwa wa machozi matupu: wagombane, mmoja afungashe, aende zake. Bodi itapata wapi pa kushika? (Ingepata tu.)

Chumba chenyewe kidogo, mimi na kijana wa sauti tukajibanza bafuni, yeye kakalia ndoo, mimi nimekumbatia skrini. Nikasema "ekshen" kwa kunong'ona. Wasichana wakawaka kwelikweli.

"Miaka yote hii unaniita binamu mbele ya mamako!"

"Ulitaka nikuite nani, bwana harusi?"

Sufuria ikaanguka, jambo ambalo sikuliandika mahali popote. Mmoja akanyakua begi, akatoka, mlango ukalia pwaa! Safi kabisa. Nikawa ndio nafungua kinywa niseme "kata".

Mlango ukafunguka tena. Akaingia mzee anayesimamia ploti, gamubuti miguuni, begi letu mkononi, na nyuma yake mwigizaji wangu ameinamisha kichwa.

"Keti hapo. Na wewe keti." Wakaketi kitandani. "Mpangaji akishuka na begi usiku najua ananikimbia na kodi. Nyinyi mmelipa. Sasa shida ni nini?"

Hakuna aliyekuwa amesema kata, nao ni waigizaji wenye nidhamu.

"Hataki mamake ajue, mzee."

"Ajue nini?"

"Kwamba tunapendana."

Bafuni kijana wa sauti aliacha kupumua. Mzee akakuna kidevu.

"Watu wanaopendana ndio wanavunja sufuria usiku? Watu wa chini wana mtoto mchanga! Hebu shikaneni mikono."

Wakashikana. Akavua kofia akawaombea, ombi refu lililopitia mvua, bei ya unga na viongozi wetu kabla ya kuwafikia wao wawili na kuwatakia amani ya nyumba. Mwisho wangu wa machozi ukaishia hapo, kwa baraka kamili.

"Amina," wakaitika. Na sisi bafuni, kwa mazoea, "Amina!"

"Nani huko?"

Tukajitokeza, mimi na skrini yangu, kijana na maikrofoni yake iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo. Mzee hakuniangalia hata mimi. Alikuwa anaikodolea macho ile maikrofoni.

"Na paka," akasema, "niliwaambia hapa hawafugwi."