Tairi la tajiri, faini ya dereva

"Dereva, shuka." Nilikuwa natoka Dar na nondo, giza linaingia, nimeshapita mizani ya Njiapanda Himo salama nikijua nimebakiza kufika Arusha tu. Trafiki akazunguka tela na tochi ya mkononi, si ile ya kupimia mwendo, akainama kwenye ekseli ya nyuma, akaingiza kidole kati ya tairi mbili. Lile la ndani lilikuwa kipara mpaka nyaya zinaonekana. Elfu 30, kontroli namba hiyo hapo.

Tairi lile nilimwonyesha tajiri, mwenye lori, kabla sijapakia. Akasema fika nalo Arusha kwanza. Nilipompigia kuhusu faini, akaniuliza, "Usukani ulikuwa kwa nani?" Nikakatwa kwenye posho.

Lori nimeshaliacha. Nina kaduka ka spea Sakina, kando ya barabara ya Namanga, na kwenye benchi langu madereva hawaishi. Siku hizi mjadala ni alama: kila kosa liandikwe kwenye leseni, zikijaa unafungiwa. Mimi sizipingi. Februari 24, 2024, barabara hii hii, pale Kibaoni Ngaramtoni, lori lililofeli breki liliparamia magari mengine na watu 25 wakafa. Ukishaona vile huwezi kukaa dukani ukilalamika kwamba trafiki wamezidi.

Ninachouliza ni alama itaandikwa kwa nani.

Wenzetu Marekani wanahesabu alama za namna hiyo tangu Desemba 2010. Mkaguzi akisimamisha lori, kila kasoro ina uzito wake, kwenye mpangilio wao wa mwanzo 1 hadi 10. Kosa ambalo halijamaliza miezi 6 linazidishwa mara 3, likiwa halijamaliza mwaka mara 2, kisha linabaki na uzito wake mpaka itimie miezi 24, ndipo linatoka kwenye hesabu. Tairi kipara, katika mpangilio huo wa mwanzo, lilipewa uzito wa 8. Kuzidisha saa za kuendesha kumo pia, na huko mwisho ni saa 11 baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. (Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Kuna safari nimelala saa 2 na utingo ndiye aliyekuwa ananipigia stori nisisinzie.)

Kilichonishika zaidi ni kwamba alama hizo zinajumlishwa kwa kampuni. Dereva akiacha kazi, kosa alilofanyia pale linabaki pale, na kampuni ikijaza alama ndiyo inayoandikiwa barua na kufuatwa na wakaguzi. Kwetu mfumo unakumbuka deni tu. Ukishalipa elfu 30 yako, tairi kipara limesamehewa, na kesho yake tajiri yuleyule anapakia gari lilelile na kumpa kijana mwingine ufunguo.

Lakini Wamarekani nao hawajamaliza. Mwajiri mpya, dereva akikubali, anaweza kuvuta rekodi yake ya ukaguzi ya miaka 3 na ya ajali ya miaka 5, na humo tairi la bosi wa zamani limo. Sasa dereva anayetafuta kazi atakataaje?

Mimi ningegawa hivi. Mwendo ni wangu: kibao cha 50 nimekiona Usa River, nimepita na 68, tochi imenipiga, mguu ulikuwa wangu na alama niandikie mimi. Kulipita gari lingine kwenye mstari usiokatika, pombe, simu, vyote vyangu. Tairi, breki, taa za tela, uzito wa mzigo alioupanga mwenye gari, hizo aandikiwe yeye, kwa jina lake, na zimfuate kwenye kila gari alilonalo. Najua mtasema dereva angekataa kuondoka. Aprili 2015 tulipogoma, watu walishikilia lile la kurudishwa darasani kila leseni inapoisha, wakasahau kwamba tulidai pia mikataba ya ajira. Asiye na mkataba akikataa kuondoka, benchi limejaa wanaoitaka nafasi hiyo.

Juzi amekuja kijana mmoja wa semi kutaka mpira wa breki ya upepo, wa zamani ameushika mkononi umepasuka. Akaniambia subiri kaka, akaupiga picha, akamtumia tajiri wake WhatsApp. Akanionyesha na nyingine za nyuma: tairi, taa, boliti za springi, zote zina tarehe. Tukangoja. Tiki mbili zikawa za bluu, jibu hakuna. Akahesabu hela ya posho akanilipa, halafu akaomba risiti niiandike kwa namba ya gari, siyo kwa jina lake.