Karl Ehn Alistahili Zaidi ya Sentensi Moja

Makala niliyoyasoma kuhusu nyumba ambazo manispaa ya Vienna, mji mkuu wa Austria, iliwajengea wafanyakazi miaka ya 1920 na 1930 yameeleza vizuri siasa za wakati ule, lakini yamemtaja msanifu Karl Ehn kwa sentensi moja tu, jambo ambalo naona si haki. Ehn, aliyekuwa mwanafunzi wa msanifu mashuhuri Otto Wagner, aliingia idara ya ujenzi ya jiji mwaka 1908 na kufanya kazi humo kwa miongo minne.

Karl-Marx-Hof, jumba la makazi ya wafanyakazi aliyoisanifu na ambayo ilijengwa kati ya 1927 na 1930, ina urefu unaozidi kilomita moja na ilikuwa na makazi karibu 1,400, na bado sehemu kubwa ya kiwanja iliachwa wazi kwa bustani, ili chumba cha mfanyakazi nacho kipate jua na hewa. Upande wa stesheni ya Heiligenstadt kuna matao makubwa ambayo watu hupita chini yake, na juu yake zimesimama sanamu za kauri. Humo ndani palikuwa na mabafu, sehemu za kufulia, chekechea, maktaba na hata kliniki ya meno! Fedha zilitoka hasa katika kodi ya nyumba ya mwaka 1923, iliyowabana zaidi wakazi wa majumba ya kifahari.

Februari 1934, katika mapigano na wafanyakazi wa kisoshalisti, jeshi la serikali ya kiimla ya Austria lililipiga jengo hilo kwa mizinga, wakazi wakiwemo ndani, lakini Ehn aliendelea kuitumikia manispaa chini ya utawala huo, na baadaye chini ya Wanazi. Mwandishi wa makala hayo angelieleza hilo pia, kwa sababu linaumiza.