Kiti Nilichokilipia kwa Sabuni

Kila ninapowasikia watu wakisema kwamba barabara za Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka katika njia zao wenyewe, jijini Dar es Salaam zimejengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, mimi huguna. Benki hizo zilikopesha, hazikutoa sadaka, na deni la serikali halilipwi na bwana fulani mnene aliyeketi Dodoma na pochi yake. Linalipwa kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, na wanaoujaza mfuko huo ni sisi wanunuzi wa sabuni. Nikichukua mche mmoja dukani, ndani yake mna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Nikinunua muda wa maongezi, kodi hiyo imo, na ushuru wa bidhaa umo vilevile, hata kama maongezi yenyewe ni mke wangu kuniuliza nimefika wapi na mimi kumjibu kwamba bado nipo kituoni. Nikipanda bodaboda, ndani ya nauli yake mna tozo ya mafuta, ambayo mwaka 2023 iliongezwa Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kugharimia miradi ya maendeleo. Baada ya kuyamaliza hayo yote ndipo nafika dirisha la tiketi za Mwendokasi, na binti aliyeketi hapo ananiomba nauli.

“Mwanangu, mimi nimeshalipa,” nilimwambia siku moja.

“Umelipia wapi, baba?”

“Kwenye sabuni.”

Aliniangalia kwa huruma, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nisieleweke vibaya. Najua kwamba nauli ya abiria inaweza kumlipa dereva na kununua mafuta, lakini haiwezi kumwaga zege kutoka katikati ya mji hadi pembezoni, na kwamba tungesubiri nauli zichangishwe kwanza, wajukuu wangu wangezeeka wakiwa wamening'inia mlangoni mwa daladala. Kinachonikera ni ramani. Mimi ni mkazi wa Mbagala. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita zipatazo 21, ilikwenda Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, na ilianza kubeba abiria mwezi Mei 2016 kwa nauli ya Sh650 katika njia kuu. Tangu siku hiyo sabuni yangu imekuwa ikiwabeba watu wa Kimara. Kazini kwetu yupo bwana mmoja wa huko, ambaye alikuwa akifika asubuhi shati likiwa limenyooka, ilhali mimi nilikuwa nikiingia nimekunjika, nikiwa na alama ya kiwiko cha mtu shavuni. Nilipomkumbusha kwamba na mimi nimechangia basi lake, alinishukuru kwa dhati na kuniambia nisubiri awamu yangu.

Nikasubiri. Ujenzi wa awamu ya pili katika Barabara ya Kilwa, inayokuja kwetu Mbagala, wenye kilomita 20.3, ulianza mwaka 2019. Kisha zege likakamilika mapema kuliko mabasi, hivyo kwa muda mrefu tukawa na njia nzuri ya Mwendokasi ambayo mwendo ulikuwa wa bodaboda na kasi ilikuwa yao pia. Mkopo, kwa upande wake, haukusubiri mabasi. Mikopo ya namna hii hulipwa kwa miongo kadhaa, kwa hiyo mwanangu aliye darasa la pili atakuja kuilipia barabara ambayo kwa wakati huo pengine itakuwa inahitaji kukarabatiwa kwa mkopo mwingine.

Mabasi yalipoanza hatimaye mwaka 2025, shemeji yangu alikuja kutusalimu kutoka Nachingwea. Yeye ni mkulima wa korosho, na hajasahau kwamba mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria ili ushuru wote wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie Mfuko Mkuu. Nilifanya kosa la kumweleza, tukiwa kituoni Rangi Tatu, ni mfuko upi unaolipa deni la barabara ile. Tulipoingia ndani, alisimama mbele ya kijana mmoja aliyekaa dirishani.

“Kijana, nipishe. Kiti hicho ni korosho zangu.”

“Mzee wangu,” kijana alijibu kwa adabu zote, “mimi ni mnywaji. Ushuru wa bia ninazokunywa mwisho wa mwezi unaushinda mkorosho wako pamoja na kivuli chake.”

Hapo basi zima likachangamka. Mvuta sigara mmoja alidai viti viwili. Fundi magari alitaka ahesabiwe vilainishi. Mimi niliitaja sabuni yangu, lakini hakuna aliyenisikiliza, kwa kuwa kila mtu mle ndani alikuwa anaoga. Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya alisema kwamba yeye nyanya zake hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, hana cha kudai, ila miguu inamuuma tangu alfajiri. Kijana wa bia alisimama papo hapo akampisha.

Shemeji alinivuta sikio.

“Shemeji, unaona? Yule mama amezikalia korosho zangu.”