Goti Limevimba, Jicho Nani Analiangalia?

Hospitali ya huku Leicester, Uingereza, imenitumia ujumbe tena: mwanangu anatakiwa kliniki ya macho. Macho yenyewe hayana wekundu, hayaumi, na ubaoni anasoma vizuri. Kila miezi mitatu ni hivyo, na kila tukienda nakatwa mshahara wa siku. Inaudhi! Lakini mtoto ana baridi yabisi ya utotoni, na daktari wa viungo huku hamwachi mgonjwa wa namna hiyo bila kumpeleka kwa mwenzake wa macho.

Kinga ya mwili ikishageuka kushambulia goti, inaweza kushambulia na ndani ya jicho. Madaktari wanaita uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho. Kwa watoto hawa huja kimyakimya, jicho jeupe, hakuna maumivu, mpaka mtoto wa jicho au presha ya jicho imeshaingia. Kwa tochi huioni. Mtoto anaegemeza kidevu kwenye mashine, daktari anapitisha mstari mwembamba wa mwanga, na chembe za uvimbe zinaonekana zikielea kama vumbi kwenye jua la dirishani.

Sasa nyumbani, Uganda. Binti wa dada yangu, kule mji wa Bombo, goti lilimvimba tangu chekechea. Kliniki ikapima malaria, ikatoa dawa za maumivu, ikamwambia mama yake eti ni kukua. Jicho hakuna aliyeliuliza, mpaka mwalimu alipogundua haoni ubao. Anafikishwa kwa daktari wa macho, mboni imeshanata, imepoteza hata uduara wake.

Najua mtakachosema: "Ninyi mkishaonja Ulaya mnatudharau." Nimdharau nani? Hospitali ya Mengo kuna madaktari wa macho, Mbarara kuna hospitali ya macho ya Ruharo, na ninajivunia kila mmoja wao. Ile mashine ya mstari wa mwanga Kampala ipo. Mwingine ataniambia malaria kwanza, dawa hazitoshi. Sibishi. Hata adalimumabu, sindano wanayopewa watoto wa huku dawa nyingine zikishindwa, siiombi leo. Naomba barua tu. Anayetibu goti aandike mistari miwili: huyu apimwe macho, hata kama hayamuumi. Karatasi hiyo nayo inasubiri mfadhili?

Na ninyi wa maduka ya dawa, matone ya macho ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe, msimuuzie mama bila daktari. Yanapandisha presha ya jicho, na yakitumika muda mrefu yanaleta mtoto wa jicho.

Mzazi, goti likikaa limevimba wiki sita, asubuhi mtoto anachechemea, usingoje barua. Mpeleke.